Bajeti Isisawazishwe kwa Mgongo wa Mzabuni

Hotuba hii niliitoa jijini Mbeya mbele ya wafanyabiashara, wakulima, walimu na vijana wanaosoma uhasibu. Naiweka hapa karibu kama nilivyoisema, pamoja na jibu la swali moja lililoulizwa mwishoni.

Waheshimiwa madiwani mliofika, wazee wangu shikamooni, mama zangu, ndugu zangu na vijana wangu. Wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja: je, sheria au Katiba iilazimishe Serikali isitumie zaidi ya inachokusanya? Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye ofisi za uhasibu za halmashauri katika mikoa hii yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye haraka ya kurudi sokoni aondoke nalo. Ndiyo, Serikali iwekewe kikomo, na kikomo hicho kiwe na meno. Ila kikiandikwa vibaya, nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, itatolewa kwenye vitabu vya Hazina na kuhamishiwa kwa watu wasio na uwezo wa kuibeba. Wengine kati yao wamekaa humu ndani.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Kila Juni Waziri wa Fedha anasimama bungeni Dodoma, na kila Juni makadirio yanaonyesha mapato na matumizi yakilingana. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Katika hizo, mapato ya ndani yalikadiriwa kuwa trilioni 34.61, yaani asilimia 70.1. Zilizobaki, trilioni 14.7 na ushee, zilitarajiwa kutoka kwenye mikopo na misaada. Mkopo unaandikwa upande wa fedha zinazoingia, kwa hiyo hesabu inafunga. Ukisimama leo ukadai sheria ya kusawazisha bajeti bila kufafanua, Hazina itakujibu kwamba bajeti imesawazishwa tangu zamani, na haitakuwa imekudanganya. Ndiyo maana lazima tuseme wazi tunataka nini kilingane na nini.

Wapo wanaosema Serikali iishi kwa kipato chake kama kaya inavyoishi. Sawa, lakini tuichukue kaya ya hapa kwetu. Mkulima wa mahindi wa Mbozi ananunua mbegu na mbolea ya kupandia mwishoni mwa mwaka, mvua zikikaribia. Atavuna Juni au Julai. Ukimwekea sharti kwamba kila mwezi matumizi yasizidi mapato, hatapanda. Anayekopa mbolea Novemba atalipa kwa gunia atakalovuna. Anayekopa ili afanye sherehe, Februari utamkuta anauza mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Wote wawili wamekopa, na hakuna mtu wa Mbozi atakayekwambia wamefanya jambo moja.

Serikali nayo iko hivyo. Reli ya TAZARA inayopita pale Iyunga, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Ingengojea makusanyo ya mwaka mmoja mmoja, isingejengwa. Na kila aliyekwama kwenye foleni ya malori kutoka Uyole hadi Mafiati, au pale Mbalizi, anajua gharama ya barabara iliyochelewa. Sheria inayokataza kila mkopo ingetuacha kwenye foleni hiyo miaka mingine mingi, na mizigo ya Zambia na Kongo ingetafuta bandari nyingine.

Kuna pia mambo yasiyongoja bajeti. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuja bila kuwamo kwenye makadirio ya mtu yeyote, na bei ya mafuta duniani ikapanda wakati huohuo. Nchi ililazimika kutumia ilichokuwa nacho na isichokuwa nacho. Silaumu uamuzi huo. Ninacholaumu ni kilichofuata: dharura ikaisha, matumizi ya kupita mapato yakabaki. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na noti ambazo kila mwaka zilinunua kidogo zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 mfumuko wa bei bado ulikuwa karibu asilimia 30.

Ndipo likaja jambo ninalotaka tulitazame kwa karibu, kwa sababu vijana wengi hawajui kwamba nchi hii iliwahi kujaribu kusawazisha bajeti kwa nguvu. Mwaka 1996, mwanzoni mwa awamu ya Rais Benjamin Mkapa, Serikali ilianza kutumia bajeti ya fedha taslimu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: hakuna kutumia mwezi huu ila kwa kadiri ya fedha zilizokwisha kukusanywa. Zambia walikuwa wametangulia na mfumo kama huo mwaka 1993. Julai ya mwaka huohuo wa 1996 Mamlaka ya Mapato Tanzania nayo ikaanza kazi. Kufikia 1999 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, na Novemba 2001 nchi ikafikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Nidhamu ile ilifanya kazi. Asiyekubali hilo hakuishi hapa miaka ya 1980.

Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa kanuni hiyo, kwenye meza ambayo fedha zinatakiwa zifike. Nawaeleza nilichokiona, bila kuitaja halmashauri.

Palikuwa na mama aliyekuwa akipeleka unga, maharage na mafuta ya kula kwenye shule ya bweni. LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, ipo. Hati ya kupokelea mzigo ipo, ina saini ya mtunza stoo na muhuri wa shule. Ankara ipo. Fedha za chakula zilizoshuka mwezi ule zilikuwa pungufu ya tulizoomba, kwa hiyo tukalipa zilipoishia, na karatasi zake zikaingia kwenye faili la madai yasiyolipwa. Ripoti yetu ya mwezi ilikwenda mkoani ikiwa safi kabisa: matumizi hayakuzidi fedha zilizopokelewa hata senti moja. Shule haikukosa uji hata asubuhi moja. Yule mama alikuwa amechukua mkopo benki ili anunue mzigo, na dhamana ilikuwa nyumba yake. Kila alipokuja alijibiwa kwamba fedha hazijashuka, na jibu hilo lilikuwa kweli.

Kisha ikafika tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha ukafungwa. Kuanzia siku ile dai lake likawa deni la mwaka wa nyuma, na deni la mwaka wa nyuma lina safari yake. Linahitaji uhakiki. Uhakiki unataka LPO halisi, nakala haitoshi. Mtunza stoo aliyesaini alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, ikabidi atafutwe. Wakaguzi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Baadaye wakaja wengine wakaanza upya. Muda wote huo riba ya benki ilikuwa inatembea. Wenye VAT mnajua na la ziada: kodi ya ankara inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa.

Ndugu zangu, nakisi ile ilikuwepo. Aliikopesha yule mama, akalipa riba yeye, na jina lake halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha madeni ya nchi. Mwalimu anayesubiri malimbikizo ya kupanda daraja, daktari anayedai posho ya zamu, mkandarasi aliyemaliza zahanati na funguo amekwisha kukabidhi, wote ni wakopeshaji wa Serikali ambao hawakuulizwa kama wanataka kukopesha. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikiyataja madeni haya ya wazabuni na watumishi mwaka baada ya mwaka. Mtu asiniambie ni jambo la zamani.

Wala si la Tanzania peke yake. Marekani wamebishana juu ya hili kwa miaka mingi. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kuingiza sharti la kusawazisha bajeti kwenye Katiba yao kwa kura 300 dhidi ya 132. Kwenye Seneti likashindwa kufikisha theluthi mbili, na mwaka 1997 likashindwa tena kwa upungufu wa kura moja tu. Serikali kuu yao haina sharti hilo hadi leo. Karibu majimbo yao yote yanalo, lakini kwa kawaida hutenganisha bajeti ya uendeshaji na ya ujenzi: mishahara ilipwe na kodi, barabara na madaraja yaweza kukopewa kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji. Hapo kuna busara ya kuiga.

Tazameni hata hivyo jimbo la Illinois, ambalo Katiba yake inadai bajeti iliyosawazishwa. Kati ya 2015 na 2017 wanasiasa wao waligombana hadi wakakosa bajeti kamili. Kufikia Novemba 2017 ankara zisizolipwa zilifika takribani dola bilioni 16.7. Waliokuwa wakingoja ni hospitali, vituo vya kulea wazee na wauzaji wa kila kitu. Sharti la Katiba lilikuwepo muda wote huo, na ankara zikarundikana chini yake. Wana mambo mawili ambayo mimi nayatamani hapa. La kwanza lilikuwepo tangu zamani: sheria inayoilazimisha serikali ya jimbo kumlipa mzabuni aliyecheleweshwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. La pili lilipitishwa mwaka huohuo wa 2017, likazilazimisha idara zote kutoa taarifa kila mwezi ya ankara zilizokaliwa mezani na riba iliyokwisha kulimbikizwa. Deni lililofichwa kwenye droo likaanza kuonekana na lina bei yake.

Ujerumani waliweka breki ya madeni kwenye Katiba mwaka 2009: nakisi ya kimuundo ya serikali kuu, yaani ile isiyotokana na uchumi kupanda na kushuka, isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Ilipokuja korona wakaisimamisha kwa utaratibu uliomo humohumo, na mwaka 2025 wakairekebisha ili waweze kutumia zaidi kwenye ulinzi na miundombinu. Uswisi wananivutia zaidi. Wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 2001, karibu asilimia 85 wakakubali, na tangu 2003 matumizi yao yanafungwa kwenye mapato kwa namna inayoruhusu nakisi uchumi ukiwa mbaya na kudai ziada uchumi ukiwa mzuri. Kanuni iliyopigiwa kura na watu ni vigumu kuikanyaga kimyakimya.

Wapo watakaosema kwamba kikomo kinatunyima maendeleo. Hao nawaomba wavuke hapo Tunduma. Zambia walikopa kwenye soko la hatifungani la kimataifa mwaka 2012, 2014 na 2015, jumla dola bilioni 3. Novemba 2020 wakashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Wafanyabiashara wa Tunduma hawakuhitaji kusoma magazeti. Waliiona kwenye kwacha, ilivyoporomoka mwaka ule. Mteja wa Nakonde aliyekuwa akinunua mchele wa Kyela alirudi na kwacha zilezile zikawa hazimtoshi. Deni la nchi jirani lilifika kwenye mizani ya mchele wetu.

Na sisi kikomo tumekwisha kukisaini. Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, nchi za Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha, ambayo inataka nakisi, misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni la umma, malipo yake yajayo yakihesabiwa kwa thamani ya leo, lisizidi asilimia 50. Vipimo hivyo ni vizuri, na Hazina yetu huvitaja. Ninachokitazama mimi ni mlango wa nyuma. Ukitaka asilimia 3 ionekane ni 3, njia ya haraka kuliko zote ni kuchelewesha malipo ya Mei na Juni. Kwenye karatasi za fedha taslimu, ankara isiyolipwa si matumizi.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki. Matumizi ya kawaida yote, yaani mishahara, uendeshaji wa ofisi, posho, mafuta ya magari na riba ya madeni, yalipwe na mapato ya ndani, bila ubishi. Mkopo uende kwenye mradi wenye jina, mahali na gharama, na Bunge liupitishe kwa jina hilo. Dharura iwe na mlango wake: vita, njaa, mafuriko, ugonjwa. Bunge lipige kura ya theluthi mbili kuufungua, na siku hiyohiyo lipitishe ratiba ya kuufunga. Hadi hapo nadhani wengi tunakubaliana, na sitakaa sana.

Nitakaa kwenye la mwisho, kwa sababu ndilo lililonileta. Ibara ya 141 ya Katiba yetu inalidhamini Deni la Taifa kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na ndani yake imehesabu na faida inayolipwa juu ya deni hilo. Maana yake benki ya ng'ambo iliyotukopesha ina ulinzi wa Katiba, na inalipwa kabla hatujafikia madawati na dawa. Sipingi, nchi isiyolipa haikopeshwi. Lakini aliyeuza maharage kwa shule ya Serikali hayumo kwenye ulinzi huo. Mimi nataka awemo. Dai lolote lenye LPO, hati ya kupokelea na ankara, ambalo Hazina au halmashauri haikulikanusha kwa maandishi ndani ya siku 90, lihesabiwe kuwa sehemu ya deni la Serikali. Liingie kwenye asilimia zile zinazopelekwa Afrika Mashariki na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Lianze kubeba riba. Na kwenye mwaka wa fedha unaofuata lilipwe kabla ya semina, kabla ya magari mapya, kabla ya ukarabati wa ofisi yoyote.

Najua jibu la Hazina, maana nimelisikia mara nyingi: kuna madai hewa. Ni kweli yapo, na nimeyakamata mwenyewe, ankara ya saruji iliyopokelewa na stoo isiyokuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya siku 90. Ofisi inayoshindwa kutofautisha dai halali na dai hewa kwa miezi mitatu isipewe miaka mitatu. Na isisemwe kwamba Serikali haiwezi kuligeuza dai la ndani kuwa deni rasmi. Mwaka 2021 ilifanya hivyo kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kwa madai yaliyotangulia mwaka 1999. Kilichowezekana kwa mfuko mkubwa kinawezekana kwa mama mwenye maharage.

Mkiuliza nani atapata hasara kwa sheria ya namna hii, ni Serikali yenyewe kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza. Nakisi itapanda kwenye vitabu, kwa sababu kilichokuwa kimefichwa kitaandikwa. Waziri atakayekubali jambo hilo atasemwa vibaya na wakopeshaji. Naamini bado ni afadhali, kwa kuwa hatuwezi kupunguza deni ambalo hatujalihesabu, na kwa kuwa mzabuni anayejua atalipwa kwa wakati haongezi bei ya kujikinga. Ninyi mnaouzia Serikali mnajua tunazungumza nini. Debe la maharage linalokwenda shule ya Serikali lina bei yake, na linalokwenda kwa mwenye hoteli anayelipa papo hapo lina bei nyingine. Tofauti hiyo tunailipa sote kwenye kodi.

Hotuba iliishia hapo. Kijana mmoja kutoka nyuma akauliza: Serikali ikiivunja sheria hiyo, nani ataishtaki?

Nilimjibu hivi. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kulinda Katiba na sheria, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Mzabuni asiyelipwa anaweza kuonyesha hilo bila shida. Hata hivyo lazima atoe notisi ya siku 90, na akishinda hawezi kukamata gari wala jengo la Serikali ili afidiwe. Atarudi kusubiri bajeti ileile. Ndiyo sababu siitegemei mahakama, nataka dai liingie kwenye orodha ya kwanza ya malipo kwa nguvu ya sheria yenyewe.

Na kazi ya kuanzia haihitaji kungoja Katiba. Novemba Bunge hupokea mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti ya mwaka unaofuata. Kabla ya hapo mabaraza ya madiwani hukaa vikao vya robo ya kwanza, na vikao hivyo viko wazi kwa mwananchi. Madiwani watatu waliokuwa ukumbini nimewaomba waidai taarifa ya madeni ya wazabuni na watumishi isomwe kikaoni moja moja, kila dai na kiasi chake na tarehe ya ankara, kisha nakala ikabidhiwe kwa mbunge aende nayo Dodoma. Wawili wamekubali. Wa tatu ameomba kwanza azungumze na mkurugenzi wake, na nimemwambia nitampigia simu baada ya wiki.